Uhuru na moto usioonekana wa mbinguni

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mbinguni, kati ya nyota na nyota, hakuna kitu chochote ila giza tupu na baridi kali. Imani hiyo si jambo la kuonea haya, kwani hata wataalamu wa falaki waliishi nayo kwa muda mrefu. Jicho linapotazama juu usiku huona vidoa vya nuru na weusi unaovitenga. Na kitu kisichoonekana ni rahisi kukihesabu kuwa hakipo. Hata hivyo, tangu mwisho wa miaka ya 1950 ushahidi umekuwa ukijikusanya kidogo kidogo kwamba sehemu fulani za weusi huo zimejaa gesi yenye moto mkali kupita moto wowote wa jikoni au wa kiwandani. Joto lake ni kati ya nyuzi milioni 10 na nyuzi milioni 100, hali uso wa jua letu, linalotuchoma mchana kutwa, haufiki hata nyuzi 6,000.

Makala haya yanakusudia kukueleza habari za moto huo: uligunduliwaje, uliwashwa na nini, na kwa nini hauzimiki. Usidhani kwamba ni habari za mbali zisizotugusa. Sehemu yake moja kubwa ilianzia katika maji ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, na chombo kilichoifungua njia kilibeba jina la Kiswahili.

KISHADA NI NINI?

Tuanze kwa kuelewana juu ya maneno. Jua letu ni nyota moja tu kati ya nyota zaidi ya bilioni 100 zinazokaa pamoja katika mkusanyiko mmoja, ule tunaouona usiku wa giza kama mkanda mweupe uliotandazwa angani, nao huitwa Njia Nyeupe. Mkusanyiko wa namna hiyo ndio galaksi. Galaksi ni nyingi mno, wala hazikutawanyika ovyo. Ziko zilizo peke yake kama nyumba ya shambani. Ziko zilizokaa chache chache kama kijiji. Na ziko zilizojikusanya mamia au maelfu mahali pamoja, kama nyumba za mji mkuu. Mikusanyiko hii mikubwa ndiyo tutakayoiita vishada, kwa mfano wa kishada cha zabibu.

Kishada kimoja mashuhuri huitwa Coma. Kina galaksi zaidi ya 1,000, nacho kiko mbali kiasi kwamba nuru, iendayo kilomita 300,000 kwa kila sekunde, huchukua kama miaka milioni 320 kutufikia kutoka huko. Maana yake ni kwamba nuru tunayoipokea leo iliondoka Coma kabla mijusi mikubwa ya Tendaguru, mkoani Lindi, haijapata kukanyaga ardhi ya dunia.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky, mwanasayansi wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliuchunguza mwendo wa galaksi za Coma akakuta jambo la kustaajabisha. Galaksi hizo zinakwenda mbio kiasi cha kilomita 1,000 kwa sekunde. Lau mtu angekwenda kwa mwendo huo, kwa muda wa kutamka neno moja angekuwa ameondoka Dar es Salaam na ameipita Nairobi. Kwa mbio hizo galaksi zingepaswa kutawanyika zamani. Lakini zimekaa pamoja. Zwicky akahukumu kwamba iko maada nyingine isiyoonekana, yenye uzito mkubwa kuliko nyota zote, inayozivuta na kuzizuia zisitoroke. Akaiita maada ya giza. Huo ulikuwa mwanzo wa kutambua kwamba katika kishada kinachoonekana ni kidogo kuliko kisichoonekana.

SAUTI ISIYO NA MWENYEWE

Redio yako ya nyumbani hupokea mawimbi yanayotumwa na mtambo wa kituo cha utangazaji. Mbinguni nako mna vitu vingi vinavyotoa mawimbi ya redio kwa asili yake, bila mtangazaji, na wataalamu huyapokea kwa masinia makubwa ya chuma. Mwaka 1957 sinia moja la namna hiyo, lenye upana wa mita 76, lilikamilika mahali paitwapo Jodrell Bank, si mbali na jiji la Manchester nchini Uingereza. Miaka miwili baadaye, mwaka 1959, wataalamu watatu, Large, Mathewson na Haslam, walilielekeza upande wa Coma.

Walitarajia kwamba mawimbi ya redio yangetoka katika galaksi moja moja, kama sauti zinavyotoka katika nyumba zenye redio. Badala yake wakaona dalili kwamba sehemu ya mawimbi hayo imetanda juu ya kishada kizima, kama moshi uliotanda juu ya mji jioni bila mtu kujua umetoka jiko lipi. Mwaka 1970 mtaalamu mwingine, Willson wa Cambridge, alizipima galaksi za Coma moja moja na kuliondoa fungu la kila moja. Hesabu ilipokwisha, bado ulibaki ukungu wa redio usio na mwenyewe, ulioenea mwendo wa miaka milioni kadhaa ya nuru.

Mawimbi ya ukungu huo yanatokana na elektroni, zile chembe ndogo za umeme zilizomo katika kila atomu. Elektroni ikikimbia karibu na mbio za nuru katika eneo lenye nguvu ya sumaku, njia yake hupindwa, na kwa kupindwa hutoa mawimbi ya redio. Kwa hiyo ukungu wa Coma ulikuwa ukisema mambo mawili: kwamba kati ya galaksi iko sumaku, ingawa ni dhaifu mara laki kadhaa kuliko ile inayoelekeza dira ya nahodha, na kwamba ziko elektroni zilizosukumwa kwa nguvu kubwa mno. Ni nani aliyezisukuma? Jibu halikuwako. Ili lipatikane ilibidi kwanza kufungua jicho la namna nyingine.

CHOMBO KILICHOTOKA UNGWANA

Jicho hilo ni la mionzi ya eksirei, ile ile inayotumiwa hospitalini kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Vitu vyenye joto la mamilioni ya nyuzi hutoa mionzi hiyo kwa wingi. Bahati mbaya kwa mtaalamu, lakini bahati njema kwa uhai wetu, hewa ya dunia huizuia eksirei ya mbinguni isifike chini. Anayetaka kuiona hana budi kupeleka chombo juu ya hewa. Katika miaka ya 1960 roketi ndogo zilirushwa zikatazama kwa dakika chache kisha zikaanguka. Hiyo ni sawa na kuuchunguza mji kwa kuuchungulia mara moja kwenye tundu la ufunguo.

Tarehe 12 Desemba 1970 mambo yalibadilika. Katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, lilikuwako jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini. Liliitwa San Marco, na lilikuwa la Waitalia chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio. Siku hiyo roketi iliondoka hapo ikiwa imebeba satelaiti ya Marekani yenye uzito wa kiasi cha kilo 140, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei ya mbinguni. Mkuu wa kazi hiyo ya utafiti alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, ambaye mwaka 2002 alikuja kupewa Tuzo ya Nobel.

Pahali hapo hapakuchaguliwa kwa mandhari. Kwenye Ikweta dunia huzunguka kwa kasi zaidi, hivyo roketi hupata msukumo wa bure. Aidha, chombo kinachozunguka juu ya Ikweta hukwepa kwa kiasi kikubwa lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu hushuka karibu na dunia na kuvuruga vipimo.

Siku hiyo hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala. Bibi Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa upande wa Marekani, alipendekeza kwamba chombo kipewe jina la kuwaheshimu wenyeji waliowakaribisha. Kikaitwa Uhuru. Tangu hapo neno hilo limo katika vitabu vya falaki vya mataifa yote, na nyota nyingi za eksirei zingali zikitajwa kwa nambari za orodha ya Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vitu 339.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Miongoni mwa mambo iliyoyaona ni kwamba vishada vikubwa, kama Coma na Perseus, vinang'aa kwa eksirei. Na mng'ao huo hautoki katika galaksi moja moja bali umetanda katika nafasi iliyo kati yake. Ule weusi tuliouhesabu kuwa si kitu ulikuwa ukiwaka.

CHUMA CHATOA USHAHIDI

Hata hivyo, mashauri hayakwisha. Baadhi ya wataalamu walisema kwamba eksirei hiyo inatokana na elektroni zile zile za ukungu wa redio, zinapogongana na nuru hafifu iliyojaa ulimwenguni kote. Wengine walisema hapana, hiyo ni gesi iliyopata moto. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na picha ya Uhuru peke yake haikutosha kuamua.

Aliyeamua ni shahidi ambaye kila mmoja wetu anamjua: chuma. Kila elementi ikipata moto hutoa mionzi ya namna yake yenyewe, kama kila mwimbaji alivyo na sauti yake, hata ukimsikia gizani unamtambua. Atomu ya chuma ina elektroni 26. Ikitiwa katika joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi hupokonywa karibu zote, ikabaki na moja au mbili, na hapo hutoa eksirei ya kipimo maalumu. Lau mng'ao ungetokana na elektroni za redio peke yake, alama hiyo isingeonekana.

Mwaka 1976 alama hiyo ilitangazwa kuwa imeonekana katika kishada cha Perseus. Satelaiti iliyoiona iliitwa Ariel 5, mali ya Uingereza. Nayo pia, tarehe 15 Oktoba 1974, ilikuwa imerushwa kutoka jukwaa lile lile la Ungwana. Basi shauri likakatwa. Kati ya galaksi iko gesi, na gesi hiyo ni moto kweli kweli. Tena uchunguzi ulionyesha kwamba haikuwa gesi ya asili tupu, maana chuma hupikwa ndani ya nyota na hutapakaa nyota zinapolipuka. Jivu la nyota zilizokufa lilikuwa limechanganyika humo, kwa kiasi cha theluthi moja ya chuma kilichomo katika jua letu.

Huenda ukauliza: iwapo ni moto kiasi hicho, mbona hauchomi galaksi zilizomo ndani yake? Ni kwa sababu gesi yenyewe ni nyepesi mno. Chukua sanduku lenye mita moja kila upande. Likijazwa hewa ya chumbani mwako litakuwa na chembe ambazo idadi yake huandikwa kwa 25 ikifuatwa na sufuri 24. Likijazwa gesi ya kishada litakuwa na chembe elfu moja hivi tu. Kila chembe inakimbia kwa mbio za ajabu, na mbio hizo ndizo joto. Lakini chembe zenyewe ni chache. Pamoja na hayo, mahali penyewe ni papana kiasi kwamba gesi hiyo, ikijumlishwa yote, ina uzito unaozidi mara kadhaa uzito wa nyota zote za kishada. Tukiugawa uzito wa kishada kikubwa katika mafungu 100, mafungu 80 na zaidi ni maada ya giza, kati ya 10 na 15 ni gesi ya moto, na nyota zote tunazoziona hubakiwa na mafungu machache tu.

NI NANI ALIYEUWASHA?

Wewe uliyewahi kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli umeona kwamba pampu hupata moto. Aliyewahi kumtazama mhunzi akigonga chuma amejua kwamba chuma baridi kikigongwa sana huchemka. Katika hali zote mbili mwendo umegeuka kuwa joto. Moto wa vishada uliwashwa kwa kanuni hiyo hiyo. Maada ya giza huvuta gesi kutoka mbali. Gesi huanguka kuelekea katikati kwa mbio zinazozidi kila mara. Inapoikuta gesi iliyotangulia hugongana nayo, na mwendo wote ule hugeuka joto.

Wakati mwingine kinachoanguka si gesi ya kawaida bali ni kishada kingine kizima. Vishada viwili vikigongana, nguvu inayotoka hupita ya tukio lolote jingine tangu ule mlipuko ulioanzisha ulimwengu. Mfano mzuri ni kishada kilichopewa jina la Risasi, kilicho mbali kiasi cha miaka bilioni 4 ya nuru. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza picha zake zilizopigwa na chombo cha Marekani kiitwacho Chandra. Katika picha hizo bonge la gesi linaonekana likipasua gesi nyingine, na mbele yake kuna ukingo wa wimbi, kama maji yanayotanguliwa na gubeti ya jahazi. Bonge hilo linapita kwa mbio mara tatu za sauti isafirivyo katika gesi hiyo. Na kishada hicho, msomaji, kina ukungu mkubwa wa redio.

Hapo ndipo sauti isiyo na mwenyewe ya mwaka 1959 ilipoanza kupata mwenyewe. Mwaka 1977 Walter Jaffe alikuwa ameonyesha ugumu wa jambo lile. Elektroni zinazotoa redio huchoka: zikiisha kupiga mawimbi kwa miaka milioni 100 hivi hazina nguvu tena. Wala haziwezi kusafiri moja kwa moja, kwa kuwa sumaku huzipindapinda kama mtu anayejipenyeza katika msongamano wa soko la Kariakoo. Zingechoka kabla ya kuenea kishada kizima. Basi haina budi zimepata nguvu pale pale zilipo.

Fikiri makaa yaliyoanza kufunikwa na jivu jikoni. Hayakuzima, ila yamefifia. Mpishi akichukua pepeo akayapepea, huwaka tena mekundu. Vishada vinapogongana, gesi huvurugika kama maji ya mkondo, ikajizungushazungusha pamoja na sumaku yake. Na mvurugo huo, kama wataalamu wengi waonavyo, ndio pepeo linalozitia nguvu upya elektroni zilizochoka. Penye ukingo wa wimbi nako elektroni husukumwa, zikatoa pinde ndefu za redio pembezoni mwa kishada. Upinde mmoja uliotangazwa mwaka 2010 una urefu wa kama miaka milioni 6 ya nuru. Mwingine, uliotangazwa mwaka 2012, umenyooka wenye manyoya upande mmoja, na wagunduzi wakauita Mswaki.

Ushahidi umezidi kupatikana. Kwa masinia 30 yaliyoko karibu na Pune nchini India, kila moja lenye upana wa mita 45, wataalamu walivisikiliza vishada vingi na kuvilinganisha na picha za eksirei. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalionyesha kwamba ukungu mkubwa wa redio huonekana katika vishada ambavyo gesi yake imevurugika, na hukosekana katika vile vilivyotulia. Kwa hiyo eksirei yatuonyesha moto, na redio yatuambia kama moto huo umechochewa karibuni.

KWA NINI HAUZIMIKI?

Linabaki swali ambalo kila mama wa nyumbani angeliuliza: nani anaongeza kuni? Kitu kinachong'aa hupoteza joto. Pembezoni mwa kishada gesi ni nyepesi mno na upoaji wake ungechukua muda mrefu kuliko umri wote wa ulimwengu, ambao ni miaka bilioni 13.8. Lakini katikati ya vishada kama Perseus gesi imesongamana, na kwa hesabu ingepaswa kupoa kwa muda usiofika miaka bilioni moja. Wataalamu wa miaka ya 1970 na 1980 walikadiria kwamba pale Perseus gesi yenye uzito wa mamia ya majua inapoa kila mwaka. Gesi ikipoa hugeuka nyota. Nyota hizo basi ziko wapi? Zilitafutwa, zikaonekana chache mno. Mwaka 2001 satelaiti ya Ulaya iitwayo XMM-Newton ilithibitisha kwamba hata gesi yenyewe ya uvuguvugu iliyotazamiwa haipo kwa wingi huo. Kuna kitu kinachoipasha moto upya.

Katikati ya Perseus, umbali wa kama miaka milioni 240 ya nuru, imekaa galaksi kubwa iitwayo NGC 1275, na ndani yake lipo shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata nuru haiwezi kukitoroka. Gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa hurusha nje mikondo ya chembe zenye nguvu. Mikondo hiyo hupuliza mapovu ndani ya gesi ya kishada, kama mapovu ya uji mzito unaochemka. Yalionekana mwaka 1993 kwa satelaiti ya Ujerumani, ROSAT, kama matundu katika mng'ao wa eksirei. Na matundu hayo yamejaa mawimbi ya redio.

Mwaka 2003 Andrew Fabian na wenzake wa Cambridge walitangaza kwamba kuzunguka mapovu hayo wameona viwimbi vimepangana kama vya bwawa lililotupiwa jiwe. Viwimbi hivyo ni sauti. Wimbi moja hufuatwa na jingine baada ya kama miaka milioni 10. Ni ngoma ambayo pigo lake la mwisho lilipolia, binadamu alikuwa bado hajakuwako duniani. Na sauti yake ni nzito hata hakuna sikio liwezalo kuisikia. Sauti hiyo na mapovu hayo hupeleka joto katika gesi. Gesi ikipoa sana hudondoka kwenye shimo jeusi. Shimo likilishwa hupuliza kwa nguvu. Gesi ikipata moto hupunguza kudondoka, na shimo nalo hutulia. Ndivyo afanyavyo mpishi hodari anayepalia wali, akiongeza makaa na kuyapunguza ili chungu kisiungue wala kisipoe. Kama si mpishi huyo, galaksi zilizo katikati ya vishada zingejaa nyota mpya kupita kiasi tunachokiona.

Namna hasa joto linavyosambazwa bado ni jambo la kushindaniwa, na bei ya kulijua ni kubwa. Tarehe 17 Februari 2016 Wajapani walirusha chombo kilichoitwa Hitomi, chenye uwezo wa kupima mwendo wa gesi ya moto kuliko chombo chochote cha kabla yake. Kiliitazama Perseus kikakuta gesi ya katikati ikitembea kwa kilomita 164 kwa sekunde, utulivu ambao wengi hawakuutazamia. Kisha, kabla ya mwezi Machi kwisha, kikaanza kuzunguka ovyo, kikavunjika. Kazi ya miaka mingi ilizaa majuma machache ya kutazama. Hawakukata tamaa, kifaa cha namna ile ile kilijengwa upya na kurushwa Septemba 2023 ndani ya chombo kiitwacho XRISM.

YATUHUSU NINI?

Msomaji aliyerudi zamu ya usiku, au anayehesabu nauli ya kesho, ana haki ya kuuliza haya yamfaa nini. Hayatapunguza bei ya sukari. Lakini mtu haishi kwa kuhesabu sukari peke yake, na mwanawe haulizi maswali ya sukari peke yake. Akiuliza kama kule juu ni kutupu, sasa unalo jibu: si kutupu, na kilichomo ni kikubwa kuliko kinachoonekana.

Tena hii si habari ya wageni watupu. Satelaiti mbili zilizobainisha kwamba vishada vimejaa gesi ya moto ziliondoka Ungwana, na ya kwanza ilikwenda na neno letu. Kazi ya kusikiliza redio nayo imehamia kwa wingi katika bara hili. Katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini, yako masinia 64 ya MeerKAT, yaliyozinduliwa Julai 2018. Mwaka 2022 kundi la wataalamu lililoongozwa na Kenda Knowles, mwanafalaki wa Afrika Kusini, lilitoa matokeo ya kuvisikiliza vishada 115. Katika 62 kati ya hivyo ulikutwa ukungu au upinde wa redio. Kijana wa Tanga au wa Kisumu anayeipenda hesabu shuleni asiambiwe kwamba elimu hii si ya kwao.

Jioni za Desemba, anga likiwa safi, watoke nje watoto wakiwa pamoja nawe. Tafuteni Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo wakulima wetu walilijua tangu zamani kwa kuhesabia majira. Mkiisha kuiona, teremsheni macho polepole kuelekea upeo wa kaskazini. Katika sehemu hiyo ya anga, kati ya nyota za kundi liitwalo Perseus, nyuma kabisa ya weusi, ndiko uliko moto tuliousimulia. Hamtauona. Lakini mtakuwa mmetazama mahali penyewe, nanyi mtajua ni kitu gani kilichopo.